Neno la Kwanza Ziwani

Wapangaji wa jengo lile walianza kumcheka Mama siku walipomwona akipanda ngazi hadi ghorofa ya nne, akashuka, akapanda tena, mikono mitupu, hana ndoo wala kikapu. Mwenye duka la chini alimuuliza kama kuna kitu amesahau. Mama akamjibu kwamba ndiyo, amesahau miguu yake, anaitafuta. Watu wakacheka, naye akacheka nao huku ameegemea ukuta, kifua kikipanda na kushuka, kisha akageuka akaanza upya.

Kilichowachekesha zaidi ni kwamba mwanawe alikuwa fundi wa lifti. Kutwa alishinda kwenye mashimo ya majengo ya watu, grisi hadi viwikoni, akihakikisha wenye nazo hawapandi hata ngazi moja, na jioni akarudi kwenye jengo ambalo halikuwahi kuota lifti. "Fundi, mtengenezee mama yako japo ya kamba!" walimtania. Fundi alikuwa mtu wa kucheka na kila mtu, kwa hiyo alicheka. Mganga hajigangi, na hilo halihitaji kuelezwa.

Mama alikuwa anajiandaa kwenda ziwani. Mlimani kwao, juu kabisa ambako miti huisha, kuna ziwa dogo ambalo watu wake hawaogi, hawavui, wala hawachoti. Huenda pale kwa jambo moja tu, kumtaja marehemu. Mtu akifa, yule aliyemzaa, au kama hayupo basi aliyemlea, hupanda kwa miguu yake mwenyewe hadi kwenye maji na kutamka jina lake. Mpaka atajwe, marehemu huhesabiwa kwamba bado yuko njiani, hajafika. Binti mkubwa wa Mama, dada yake Fundi, alikuwa amefia huku mjini na kuzikwa huku huku, na mwaka baada ya mwaka safari ilisukumwa mbele. Mara karo, mara mvua, mara Fundi kanyimwa ruhusa kazini. Sasa magoti ya Mama yalikuwa yameanza kulia kama bawaba kuukuu, naye akasema mbele ya nyumba nzima kwamba asipopanda kiangazi hiki, basi tena.

"Mwanangu amekaa barabarani ananisubiri," alisema. "Na mimi nimekaa hapa nakunywa chai."

Hakuna aliyeimaliza chai yake siku hiyo.

Siku hizi mlima una ofisi. Fundi aliomba nusu siku kazini, akampeleka Mama, wakakaa kwenye benchi chini ya picha kubwa ya ziwa lenyewe, limepigwa kutoka angani, buluu tupu. Mama aliitazama akauliza ni wapi. Alipoambiwa, akasema hajawahi kuliona kwa upande huo, na akaacha kuitazama.

Karani alikuwa dada mwenye sauti ya taratibu. Aliwauliza kama ni watalii wa ndani au wa nje.

"Sisi si watalii," Fundi akasema. "Mama ni mtu wa huko huko."

"Ana kitambulisho cha mkazi wa huko?"

"Haishi tena huko. Lakini kazaliwa huko, na wazazi wake wote wamezikwa huko."

"Basi ni mtalii wa ndani." Akabonyeza. "Lengo la safari? Nina kupanda mlima, kupiga picha, kutazama ndege, na utafiti."

Fundi akamtazama mama yake. Mama akasogea hadi kwenye kidirisha. "Andika nakwenda kumtaja mtoto wangu."

Karani hakuwa mtu mbaya. Alitafuta kwenye kompyuta yake, akatafuta tena kwa adabu kabisa, akasema hicho hakimo. "Nikuwekee kutazama ndege, bibi? Ndiyo nafuu kuliko vyote."

"Niwekee hao ndege," Mama akasema.

Hela ilitoka kwa mke wa Fundi, aliyekuwa msusi na ambaye alikuwa akidunduliza ili abadilishe kiti chake cha saluni, kile chenye mguu mmoja unaoshikiliwa kwa tofali. Mkwe huyu hakulalamika kwa mdomo. Alilalamika kwa kufunga makabati kwa kishindo. Lakini ndiye aliyemnunulia Mama viatu vya kupandia, na ndiye aliyemfundisha kufunga kamba zake, wakiwa wamepiga magoti sakafuni wote wawili, vichwa vyao vikikaribia kugongana.

Karani aliwaambia mambo mawili kabla hawajaondoka. La kwanza, hela ikishalipwa hairudi. La pili, watapigiwa simu kuthibitisha siku moja kabla ya safari.

Simu haikupigwa. Siku ya mwisho ilifika mchana, ikafika alasiri, na Msusi alikuwa amesimama dirishani akilitazama jua kama mtu anayemtazama mdeni wake.

Shida ilikuwa hii. Mzazi anayekwenda kumtaja marehemu huaga nyumbani jua likizama, kisha hufunga kinywa. Hatasema na mtu njia nzima, wala katika kupanda kwenyewe hasemi, mpaka awe ameyafikia maji, na neno la kwanza kumtoka liwe ni lile jina. Likitangulia neno jingine lolote, limekwisha hilo. Kinywa hufungwa mara moja kwa kila marehemu, hakuna kurudia. Hayo yaliwekwa na watu walioishi chini ya mlima, wakiamka wanauona, wakiamua kwenda wanakwenda. Hawakujua kama kutakuja kuwa na kidirisha na karani.

"Mume wangu, si tusubiri watupigie kwanza?" Msusi akasema. "Mama aage kesho njiani."

"Kesho njiani jua litakuwa linachomoza. Utaratibu ni kuaga likizama." Fundi alikuwa akifunga mzigo, hakuinua kichwa. "Halafu mimi mwenyewe nimempigia karani mchana. Kasema kila kitu kiko tayari, nisiwe na wasiwasi."

"Kasema karani, au kasema mwenye mlima?"

"Mke wangu, usitutie nuksi."

Msusi akaliacha dirisha. Haraka haraka haina baraka, lakini methali hiyo haijawahi kumzuia mtu aliyeahirisha jambo miaka mingi na sasa anaona aibu. Fundi alimwendea Mama, akamwambia aage.

Mama alikuwa ameshavaa. Alianza na mkwe wake. "Mwanangu, niliwahi kusema mboga zako hazina chumvi. Zilikuwa na chumvi. Nilikuwa na hasira zangu tu. Nisamehe." Msusi akacheka huku machozi yanamtoka. Kwa mjukuu wake, binti wa sekondari mwenye miguu mirefu na haya nyingi, aliomba radhi kwa kumwita goigoi mbele ya wenzake. Kisha akamfikia mwanawe, akamwekea mkono kichwani, na Fundi, mtu mzima na ndevu zake, akainama.

"Nikirudi," Mama akasema, "nitakuwa na mtoto mmoja tu wa kumhangaikia. Ujiandae, utanichoka."

Akafunga kinywa. Jua likazama nyuma ya matangi ya maji ya jengo la pili. Binti akamuuliza, kwa mazoea, kama amtengee uji, na bibi yake akatabasamu akajigusa midomo.

Alfajiri, Fundi akiwa ameshabeba mzigo begani, simu ikalia ujumbe. Mlima ulikuwa umefungwa kwa wageni wote mpaka itakapotangazwa tena. Ofisi iliomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza.

Alikuwa wa kwanza kufika ofisini. Karani alimtambua.

"Kuna wageni wakubwa, kaka. Wanapiga filamu."

"Filamu ya nini?"

"Ya ziwa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wamalize."

"Dada yangu, mama yangu ameshafunga kinywa."

Karani alimtazama. "Anaumwa?"

Fundi alijaribu kueleza. Alianza vizuri, lakini nyuma yake foleni ilikuwa imeshajaa watu wenye kofia na kamera, na alipofika kwenye sehemu ya jua kuzama alisikia mmoja wao akikohoa kwa makusudi. Akamalizia kwa kusema, "Basi tu, ni mambo ya kwetu." Njia nzima ya kurudi alikuwa akijiona mjinga kwa maneno hayo sita.

Nyumba ikaanza maisha ya ajabu. Mama alipika, alifagia, alikunja nguo, bila neno. Mzigo wake aliuweka karibu na mlango na hakukubali uondolewe. Fundi alipompigia magoti akasema, "Mama, kosa ni langu," alimpiga kofi dogo la shavu, lile la kumnyamazisha mtoto, akaendelea kuchambua mchele. Kuandika hakujua, ila kwa ishara waliweza mengi. Kichwa kwa ndiyo na hapana, mkono kwa njoo na nenda. Lakini hakuna ishara ya kugombeza, na nyumba iliyokosa mtu wa kuigombeza ikawa kama imefiwa. Msusi, aliyekuwa akiusikia ulimi wa mama mkwe hata ndotoni, sasa alirudi mapema kutoka saluni ili amsimulie umbea wa wateja, akingoja japo aguniwe.

Nje ya mlango maneno hayakukosekana. Wengine walisema Mama kapooza ulimi. Wengine wakasema kagombana na mkwe wake, kaapa kutosema naye. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwenye duka, ambaye hakuwa na ubaya ila ulimi usio na breki, aliwekeana dau na wenzake kwamba atamsemesha. Mama alipokuja kununua sabuni alimrudishia chenji pungufu kwa makusudi, akakunja mikono, akangoja. Mama aliziangalia zile sarafu kiganjani. Akamwangalia na yeye, kwa muda. Kisha akafunga kiganja, akapanda zake ngazi, na nyuma yake kicheko kikachelewa kuanza. Jioni mwenye duka alimpa binti chenji iliyobaki na pipi juu yake, lakini hilo halikufuta kitu.

Fundi aliendelea kwenda ofisini. Wiki ijayo, aliambiwa. Wiki ijayo ikawa wiki nyingine ijayo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, naye alikuwa amekonda, na kazini alikemewa kwa kufungia nati vibaya, jambo ambalo halikuwahi kumpata. Mara moja aliwaza amdanganye mama yake, ampeleke kwenye bwawa lolote la mlima wowote. Wazo hilo lilimfanya aone haya peke yake ndani ya shimo la lifti, kana kwamba limemsikia.

Mama naye hakuacha mazoezi. Mlima ungefunguliwa siku yoyote, na magoti hayangojei tangazo. Kila alasiri, nyumba ikiwa tupu, alivaa viatu vyake akashuka na kupanda.

Alianguka kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Kamba ya kiatu, au goti, hatutajua. Shavu liligonga reli ya chuma na mkono ukabaki chini yake. Mtu mwingine angepiga yowe na jengo zima likatoka. Mama alilala pale ameuma upindo wa nguo yake, akisikia redio za watu nyuma ya milango, akisikia kijiko kikikoroga kikombe kwenye chumba cha jirani, na hakulia. Mjukuu wake alimkuta alipotoka shule.

Hospitalini waliketi muda mrefu kabla hawajaitwa. Mkono wa Mama ulikuwa umevimba kama mkate, jicho moja limefumba, na shavu limekuwa jeusi. Nesi aliyewapokea alikuwa mkakamavu, amechoka, na anaijua kazi yake.

"Mama, umepatwa na nini?"

"Ameanguka ngazini," Fundi akasema.

"Nimemuuliza yeye."

"Hasemi, sista."

"Tangu lini?"

"Tangu... Anaweza kusema. Ila hasemi."

Nesi aliweka kalamu chini. Alimtazama Fundi kuanzia kwenye viatu, grisi kwenye kucha, mikono mikubwa. Akamtazama Msusi, aliyekuwa ametoka saluni mbio na bado ana kitana kichwani. "Nyinyi tokeni nje," akasema. "Wote wawili."

Walipoitwa tena, alikuwepo ofisa wa ustawi wa jamii, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alikuwa ameona wazee wengi waliovunjwa na watoto wao, na si uongo, wapo. Alisema amemuuliza Mama kama mwanawe ndiye aliyempiga, na Mama ametikisa kichwa kukataa.

"Si umeona!" Fundi akasema.

"Wote hutikisa kichwa, kaka. Nimemuuliza alianguka vipi, hakujibu. Nimemuuliza kwa nini hasemi nyumbani, akajigusa midomo. Jirani yenu mmoja yuko hapo nje kaja kutazama, anasema mama huyu hajatoa sauti tangu ugomvi na mkwe wake. Na anasema kila siku anapandishwa na kushushwa ngazi kama mfungwa."

"Mazoezi! Yale ni mazoezi ya mlima!"

"Mlima gani, na umri huu?"

Msusi akaeleza. Alieleza ziwa, alieleza kumtaja marehemu, alieleza filamu, sauti ikizidi kupanda, na jinsi alivyozidi kusema kweli ndivyo ilivyozidi kufanana na uongo. Ofisa alimsikiliza mpaka mwisho. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Akasema yeye anaheshimu mila za kila mtu, lakini kazi yake ni kumlinda mzee, na kwa hiyo Mama atabaki pale, kisha atapelekwa kwenye nyumba ya wazee mpaka jambo lichunguzwe. Fundi atakwenda na askari kuandikisha maelezo.

"Kituoni?"

"Kama hujafanya kitu, unaogopa nini?"

Askari aliitwa kutoka mlangoni. Alikuwa kijana mwenye tumbo la mapema, alikuwa akila karanga, na hakuwa na ugomvi na mtu. Alijipangusa kiganja kwenye shati, akamshika Fundi nyuma, kwenye mkanda wa suruali, na kuuvuta juu kidogo hivi, kama wanavyoshikwa wezi wa kuku. Fundi akasimama kwa vidole. Hakupinga. Alijaribu hata kutabasamu, maana alikuwa mtu wa kucheka na kila mtu, na tabasamu lile halikupata pa kukaa. Kwenye benchi la wagonjwa, watu waliacha kujipepea ili waone vizuri.

Mama alikuwa ameketi kitandani, mkono kwenye kitambaa. Alimwona mwanawe kwa jicho lile moja. Alitikisa kichwa kwa nguvu, akampungia ofisa mkono mzima, akagonga chuma cha kitanda. "Tulia, mama, hatakugusa tena," nesi akamwambia kwa huruma ya kweli, akamshika mabega. Askari akamgeuza Fundi kuelekea mlangoni.

"Mwacheni."

Sauti ilikuwa imekauka kwa kukaa bure, ikatoka nusu. Mama akakohoa, akaitafuta tena.

"Mwacheni mwanangu. Hajanipiga. Nilianguka mwenyewe."

Nesi akamwachia mabega. Kisha ofisa akavua miwani ambayo hakuwa ameivaa, akacheka kicheko cha mtu aliyepunguziwa kazi. "Kumbe unasema vizuri tu! Mama, ungesema tangu mwanzo, ungetuokolea mchana mzima."

"Ndiyo," Mama akasema. "Ningesema."

Askari aliuachia mkanda, hata akaliweka sawa shati la Fundi kwa nyuma. Fundi alirudi hadi kitandani akapiga magoti, akauweka uso wake kwenye mapaja ya mama yake mbele ya watu wote wale, akalia kwa sauti. Watu wa benchi walidhani ni furaha, na mmoja akasema Mungu ni mkubwa.

Jengo zima lilifurahi. Habari zilipanda ngazi kabla ya Mama mwenyewe kufika, kwamba kaponywa, kasema, kasema hospitalini mbele ya daktari! Mwenye duka alileta soda za bure, akasimama mlangoni anajikuna kichwa, na Mama akamwambia aingie, asiwe kama mkusanya kodi. Wakacheka. Alimjibu kila aliyemsalimia. Aliuliza hali za watoto wao, aliulizia homa ya huyu na kesi ya yule, mkono wake umefungwa plasta nyeupe na shavu jeusi, akasema na kusema kana kwamba kuna mtu kamwamuru asibakize neno. Msusi alikuwa jikoni. Alikuwa ameziba mdomo wake kwa kanga.

Wageni walipoondoka ndipo simu ya Fundi ikalia ujumbe. Alikuwa ameiacha mezani, na binti akaichukua akausoma kwa sauti kabla hajaelewa anachosoma. Mlima ulikuwa umefunguliwa. Wageni waliokwishalipa wangepandishwa kuanzia Jumatatu. Jibu ndiyo kuthibitisha, au hapana ili nafasi apewe mwingine.

Binti akabaki ameishika simu.

"Mama, twende," Fundi akasema. "Mkono si mguu. Twende hivyo hivyo. Nani atajua kama ulisema? Pale hospitalini hakuna mtu wa kwetu hata mmoja. Kosa lilikuwa langu, basi nalichukua mimi, nitapanda na mimi, nitamtaja mimi."

"Wewe hukumzaa," Mama akasema.

Alisema bila ukali. Alikuwa akizitazama chupa za soda sakafuni, nyingine zimebaki nusu.

"Nilikuwa na neno moja, mwanangu. Wewe ulikuwa mlangoni, na yeye yuko mbali. Nimelitoa kwako." Akaisogeza chupa moja kwa mguu. "Na ningelitoa tena. Ndicho kinachoniuma hicho. Kwamba ningelitoa tena, na yeye bado yuko njiani."

Fundi aliichukua simu kutoka kwa binti yake ili aandike hapana. Kidole kilifika kwenye kioo kikarudi, kikafika kikarudi, mpaka akamrudishia mtoto.

"Waandikie wewe," akasema.

"Waandikie vizuri, mjukuu wangu," Mama akasema. "Uwashukuru."